Divai Yenye Kwao

Inyonga, Jumapili alasiri

Skola, mama yangu,

Salamu tulishapeana asubuhi, na ukirudi kutoka kwa shangazi yako tutapeana nyingine, kwa hiyo barua hii naianza bila salamu. Usiseme baba amekosa adabu. Nina haraka. Umesema utarudi kabla ya giza, na mwandiko wangu unaujua ulivyo mzito.

Mambo ya tiketi, ya kushika begi vizuri mkibadilisha basi pale Tabora, ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua, hayo mama yako anayo yote na atakusomea kesho asubuhi kama litania. Mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu. Limenipata jana saa kumi jioni nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, na mpaka sasa moyo haujatulia.

Ni habari ya ile chupa.

Jana nilishangaa mara nyingi, na kila nikishangaa wewe ulikuwa unacheka, na mimi nilipenda kukuona unacheka, kwa hiyo mengine nilishangaa kwa makusudi. Lakini ulipoizamisha chupa ya divai kwenye mtungi wa maji ya kunywa, pale nilishangaa kweli. Mama yako alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Skola! Pombe kwenye mtungi wangu?" Ukamwambia imefungwa haivuji, inatakiwa iwe baridi, na friji hatuna. Halafu ukatoa glasi mbili zenye mguu mrefu, umezifunga ndani ya sweta tangu kazini kwako Sitalike, zimekuja na vumbi lote lile na hazikuvunjika. Halafu kizibo. Gome la mti! Mimi nimebandua magome ya miti maisha yangu yote nitengeneze mizinga ya nyuki, sikujua kuna watu huko duniani wanabandua magome wazibe chupa. Nilikigeuza kile kizibo mkononi muda mrefu. Nimekiweka mfukoni, hutakipata tena.

Jina nalo. Shardonei. Nikasema hilo ni jina la mchezaji kutoka Kongo, tena winga. Ukasema, "Hapana Baba, ni jina la zabibu."

Basi ukatueleza. Divai yote iliyomo kwenye chupa ile imetoka shamba moja. Si Dodoma nzima, wala si kijiji kizima. Shamba moja, tena upande mmoja wa shamba hilo, ule wenye changarawe nyeupe. Na yule mama mwenye shamba, ambaye kesho unakwenda kumfanyia kazi, ana shamba lingine ng'ambo ya korongo, zabibu ni zile zile, jua ni lile lile, na hazichanganyi. Nikakuuliza, "Kwa nini asichanganye apate nyingi?"

Ukanijibu bila kufikiri, "Baba, akichanganya haitakuwa na kwao."

Neno hilo halikutoka Dodoma. Neno hilo ni la babu yako.

Wewe babu ulimpata miaka saba tu kabla hajafariki, na sikujua kama umebaki na chochote chake. Yeye hakuwa anasema asali nzuri au asali mbaya. Alisema asali ina kwao, au haina kwao. Asali ya msitu mmoja, ya mti uliochanua wakati mmoja, ukiionja unaweza kuifuata mpaka nyumbani kwake: hii ya mtundu, hii ya myombo, hii imekaa bondeni karibu na maji. Ukichanganya ndoo mbili, utamu unabaki lakini nyumbani panapotea. Alikuwa anasema, "Mkosa kwao mtumwa, hata asali." Na ulikuwepo tulipokuwa tunakwenda naye msituni kurina, kwa hiyo unakumbuka desturi yake. Sega la kwanza haliliwi na mkubwa. Anatafutwa mdogo kuliko wote waliopo, anapakwa asali nyuma ya kiganja, na mzee anasema: "Mdogo aonje, mdogo aseme." Mpaka mdogo amalize kusema, mkubwa hafungui mdomo. Nilimuuliza sababu nikiwa kijana. Alisema ulimi wa mkubwa umeshaharibiwa na tumbaku na pombe, na zaidi ya hayo, mkubwa akishasema, wanaomfuata wote wataonja maneno yake, hawataonja asali.

Na wewe jana ukatuambia kwamba huko uendako kila asubuhi mtasimama mbele ya mapipa kuonja, na kwa kuwa wewe ni mdogo kuliko wote, utaulizwa wewe kwanza. Mama yako akaniangalia. Mimi nikasema moyoni, huyo mama wa Dodoma na baba yangu ni ndugu, ila walipotezana.

Haya. Ukanimiminia, kidogo tu, mpaka nikadhani unanibania. Divai niliyoijua mimi ni ya harusini, tamu, inayonata kwenye meno. Nikapiga funda zima. Yesu na Maria! Ukali wa embe bichi, mdomo mzima ukakunjamana, machozi yakanitoka, na wewe unacheka umejishika tumbo. "Baba, hiyo si dawa ya minyoo. Usimeze. Iache ikae, vuta hewa kidogo juu yake, halafu uteme."

"Niteme?"

"Uteme."

Kitu kimelimwa mwaka mzima, kimelazwa mwaka mwingine, halafu kinatemwa kwenye bakuli la ugali! Mama yako alifarijika sana, nilimwona. Tangu barua ya ajira ifike alikuwa anaogopa watu wa jumuiya watasema binti wa katekista wa zamani kama mimi anakwenda kulipwa mshahara ili alewe. Kusikia mnatema, akafanya ishara ya msalaba.

Funda la pili nikafanya ulivyosema, na hapo, mwanangu, nilishangaa kwa namna nyingine. Ule ukali ulikaa pembeni ukapisha vitu vingine vipite. Limau kwanza, lakini ganda lake, si maji yake. Halafu kitu cha mafuta mafuta, kama samli ikianza kuyeyuka. Halafu nikapata harufu ambayo sikutegemea kuikuta kwenye kinywaji: jiwe la kunolea panga ukilimwagia maji. Nilikwambia hivyo, ukashika mdomo kwa mkono. Ukasema, "Baba, hizo ndizo changarawe! Kuna watu wanasoma miaka hawaipati hiyo!" Nilijiona mkubwa. Mzee wa miaka sitini na tatu, sijawahi kuona mti wa mzabibu kwa macho yangu, nimelitambua shamba la watu kwa ulimi.

Kiburi hicho ndicho kilichonitia matatani. Funda la tatu nikaonja moshi.

Unajua mimi na moshi. Kwenye kazi yetu moshi ni aibu. Asali yenye moshi ni ya mrinaji mvivu aliyewachoma nyuki na kienge cha moto badala ya kuwatuliza, au ni ya mzinga uliowekwa karibu na mabani ya kukaushia tumbaku. Nikaona nimewakamata. Nikaweka glasi chini, nikanyanyua mkono juu, kidole kimoja, kama ninavyofanya ghalani kwenye kikundi chetu cha wafuga nyuki, nikasema kwa sauti, "Hapa mmeibiwa! Hii imechanganywa. Ina moshi. Haina kwao!"

Ukafungua mdomo. Ukasema, "Hapana Baba, moshi huo ni wa…"

Na ukarudisha kichwa nyuma.

Si sana. Shibiri moja labda. Ukafumba macho na bega la kushoto likapanda juu, na shavu ukaligeuza pembeni. Ukakaa hivyo kidogo tu, halafu ukafumbua macho, ukaona mkono wangu bado uko juu hauendi popote, ukatabasamu, ukasema, "Au labda. Labda uko sahihi, Baba."

Skola, una miaka ishirini na miwili. Umefanya kazi Sitalike miaka mitatu, umehudumia watu wa kila lugha, tembo wanapita nyuma ya jiko lenu na wewe unaendelea kukata vitunguu. Na ulijiondoa mahali ambapo mkono wangu ungekufikia.

Nilimaliza divai yangu. Nikasema kitu, sikumbuki nini. Wewe ukaenda kuosha glasi.

Nikamfuata mama yako jikoni, nikamuuliza polepole, "Umeona?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nimeona nini?"

"Skola. Alivyorudi nyuma."

"Nimeona tangu ana miaka minane."

"Unasemaje?"

"Nasema hivi: ukinyanyua mkono, hata unafukuza nzi, mtoto anarudi nyuma. Miaka yote. Wewe ulikuwa unatazama wapi?" Akapuliza makapi. "Ulikuwa unatazama ndoo zako."

Nilikaa juu ya kinu.

Mama, mimi nimekuwa nikijisifu kwa watu kwamba sijui kupiga watoto. Nimewaambia wanaume wenzangu mara ngapi, "Huyu Skola wangu nimempiga kofi moja tu tangu azaliwe." Nilisema kwa majivuno, kana kwamba ni sifa. Sikujua kofi moja linaweza kuishi miaka kumi na minne ndani ya nyumba, linakula na sisi, linalala na sisi, na mimi ndiye peke yangu nisiyeliona.

Wewe unaikumbuka siku ile kwa shavu. Acha nikueleze na mimi ninavyoikumbuka, maana sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri.

Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kuwa mwonjaji wa kikundi, nafasi aliyokuwa nayo yeye, na nilikuwa naogopa watu wataona kwamba kiti ni kikubwa kuliko mimi. Akaja mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Alitaka asali ya msitu wa Ilumba peke yake, isiyochanganywa na nyingine, na alitaka ndoo kumi na mbili. Sisi tulikuwa na kumi. Nyuki wa mwaka ule hawakufanya vizuri. Badala ya kumwambia kumi, nikatoka jioni kwa baiskeli, nikachukua asali kwa mtu mmoja mwenye mizinga karibu na mashamba ya tumbaku, nikaigawa kidogo kidogo kwenye ndoo zote ili isijulikane. Nikakoroga kwa mkono wangu mwenyewe, na nikajiambia utamu ni utamu.

Asubuhi ghala limejaa. Wanakikundi wote wapo, Mzee Saverio amekaa mbele na fimbo yake. Mnunuzi amesikia habari ya desturi yetu, anaipenda, anasema, "Yuko wapi mdogo? Nasikia huku mdogo ndiye anaanza." Watu wakatazamana. Wewe ulikuwa mlangoni umeniletea chai. Mzee Saverio akakuita. Nikakupaka asali nyuma ya kiganja, mimi mwenyewe, na nikasema yale maneno ya babu, "Mdogo aonje, mdogo aseme," na moyoni nikasema, ni mtoto, atasema tamu, tutacheka, biashara itaisha.

Ukalamba. Ukafumba macho kama babu alivyokufundisha. Halafu ukasema kwa ile sauti yako nyembamba, watu wote wakasikia: "Baba, hii haina kwao. Imekaa na moshi wa mabani."

Nikakupiga kofi.

Chai ilimwagika. Nikasema, "Mtoto gani huyu asiye na adabu, anatukana asali ya wazee!" Mzee Saverio akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mnunuzi naye akacheka, akaonja, akasema tamu sana. Akabeba ndoo zote kumi na mbili. Mwaka uliofuata hakurudi, na mimi nikawaambia wanakikundi barabara ilikuwa mbaya.

Wewe hukulia. Hilo ndilo nililojisifia pia, kwamba mtoto wangu ni shupavu. Uliokota kikombe ukaenda nyumbani.

Nataka ulisome hili polepole: nilijua umesema kweli kabla hujafungua mdomo, maana ndoo niliijaza mimi. Baba akimpiga mtoto kwa kosa, tunasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi sikukupiga kwa kosa. Nilikupiga kwa sababu ulimi wako ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote mle ghalani, na nilitumia desturi ya baba yangu kukuita mbele, halafu nikakuadhibu kwa kuifuata. Tangu siku ile hukuonja tena. Nikikupa sega unasema, "Tamu, Baba." Kila mwaka, tamu Baba. Na mimi nilidhani umekua, umeacha utoto.

Leo asubuhi mlipokuwa bado kanisani niliichukua ile chupa tupu, nikavaa miwani, nikasoma karatasi ya mgongoni. Imeandikwa kwa Kiswahili kizuri kabisa: divai hii imelala kwenye pipa la mti lililochomwa ndani kwa moto. Basi. Moshi ni wa pipa. Umewekwa makusudi, kidogo, ndio mkono wa fundi. Shamba ni moja na divai ina kwao. Na wewe ulijua. Ulikuwa na jibu mdomoni, limefika nusu, ukalimeza, ukaniachia mimi nishinde kwa uongo mezani kwangu.

Nikakumbuka ile habari ya inzi.

Mama wee, ile habari nimeisimulia Inyonga nzima! Jinsi ulivyompelekea yule mama wa Dodoma divai pale kambini Sitalike, ukanusa ikiwa bado mkononi ukajua imeharibika, inanuka boksi lililolowa, ukarudi nayo jikoni ukamletea chupa nyingine. Akakuuliza kwa nini umebadilisha, ukasema, "Samahani mama, aliingia inzi." Yeye akainuka mwenyewe mpaka jikoni, akainusa ile ya kwanza, akarudi akakwambia, "Pua unayo, mwanangu. Mdomo je?" Na ndivyo alivyoanza na wewe, mpaka ikaja barua ya kazi. Mimi nikisimulia huwa naishia kwenye pua. Watu wanapiga makofi, nakunywa chai yangu. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini binti mzima, anayejua kabisa alichonusa, amsingizie inzi ambaye hayupo.

Inzi huyo nilimfuga mimi.

Sasa unakwenda kwenye kazi ambayo kazi yenyewe ni hiyo. Utasimama mbele ya pipa, na mwenye pipa amesimama hapo, na amelisubiri mwaka mzima, na anatamani kusikia neno tamu. Atakuuliza wewe kwanza. Siku pipa litakapokuwa limeharibika, ukimwambia, "Labda uko sahihi, mama," litachanganywa na mengine na shamba zima litapoteza kwao. Atakurudisha Inyonga, na atakuwa na haki. Au atakuacha ukae, na hilo naliogopa zaidi: uzeeke huko ukisema tamu, tamu, tamu kwa kila mwenye sauti kubwa, na mmoja wao awe mume wako.

Sijui namna ya kuutoa woga ambao niliuweka mwenyewe. Mizinga naijua, watoto nimejifunza nikiwa nimechelewa. Lakini naweza kukwambia nilichojifunza kwa kuwa upande wa mwenye mkono. Mtu anayenyanyua mkono kwa sababu umemwambia ladha ya kitu chake, huyo tayari anajua. Mimi nilijua. Yule asiyejua atakuuliza tena, atasogeza glasi, ataonja mwenyewe, atakuna kichwa. Mwenye hasira ya haraka ndiye aliyekoroga ndoo. Ukiona hasira kabla ya swali, ujue ulimi wako umegonga penyewe.

Na kuna jambo lingine, sijui kama ni ushauri. Jana kabla ya ule moshi, ulipocheka umejishika tumbo, ulikuwa mtoto wa miaka saba. Nilimwona. Alikuwa bado yupo. Nimekaa na furaha hiyo na aibu hiyo kwa pamoja usiku kucha, na siwezi kuzitenganisha.

Nisamehe, Skola. Siandiki "kama nilikukosea." Nilikukosea. Nilikupiga mbele za watu kwa sababu ulisema kweli, na nikakuacha ubebe kosa langu mpaka ukubwani. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu bado sina, lakini haya ninayo.

Kwa kuwa nilikosa mbele za watu, nitatengeneza mbele za watu. Keshokutwa jioni ni siku ya kikundi. Nitawaambia wote habari ya ndoo kumi na ndoo kumi na mbili. Mzee Saverio bado yupo, masikio yamepungua lakini nitapaza sauti. Wakitaka kuniondoa kwenye uonjaji, waniondoe. Baba yangu angeniondoa siku ile ile.

Ndani ya begi lako, katikati ya zile kanga mbili za mama yako, utakuta chupa mbili ndogo zilizokuwa za dawa ya kikohozi. Zimeoshwa, usiogope. Moja ni asali ya Ilumba, kutoka mzinga mmoja juu ya mtundu mmoja. Nyingine nimeichanganya leo mchana kwa mkono wangu, nimejitahidi sana, na mimi kwa kuchanganya ni fundi, kama unavyojua. Sikuandika ipi ni ipi.

Ukifika Dodoma pumzika, halafu keshokutwa saa kumi na moja jioni onja zote mbili na unipigie. Nitaiweka simu mezani, sauti kubwa, ghala zima lisikie. Nitasema yale maneno ya babu yako, halafu nitanyamaza, na wewe utasema. Kisha mimi nitabisha. Nitakwambia umekosea, tena kwa ukali, kama nilivyozoea, maana mwenye shamba naye siku moja atabisha na ni afadhali uanze na mimi. Usiniambie labda. Niambie, "Hapana Baba," na umalize sentensi yako mpaka mwisho, ile uliyoiacha jana mezani.

Usirudishe kichwa nyuma. Mikono yangu nitakuwa nimeikalia.

Ni mimi baba yako,
niliyejaza ndoo.